Mafuta ya mgando si ya watoto tu

Ukiulizia mafuta ya mgando pale Kirumba, Mwanza, usishangae muuzaji akikuuliza mtoto ana miezi mingapi. Watu wameshajiaminisha kwamba mtu mzima anayejipenda hununua losheni ya bei, eti mgando "unakaa juu, hauingii". Ni kweli unakaa juu, na hiyo ndiyo kazi yake: unazuia maji yaliyomo kwenye ngozi yasipotee. Wenyewe hauongezi maji hata tone. Ndiyo maana ukipaka ngozi iliyokwisha kauka utang'aa, lakini kupauka kutarudi.

Kwa hiyo oga, jifute juu juu, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu chota kidogo kama punje ya harage. Sugua viganjani mpaka yapate joto na kulainika, kisha kanda miguu, magoti, viwiko, bila haraka. Jioni, upepo wa ziwa ukipita dirishani, hiyo ni starehe kamili (na kwa kuwa hayanukii, marashi yako hayapati mshindani). Asiyependa uzito atumie glisirini iliyozimuliwa kwa maji. Yenyewe huvuta unyevu. Mwenye chunusi auruke uso.

Cha kuogopa dukani ni krimu za kung'arisha zisizoandikwa viambato, wala si bei ndogo. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Tanzania.