Baboni ni nini, na kwa nini ya bei ya chini inaweza kukushangaza

Binamu yangu alirudi safari na chupa mbili za baboni aina ya Evan Williams, moja ya lebo nyeusi, moja ya lebo nyeupe. Tukaziweka mezani kibarazani, Kirumba, Mwanza. Shemeji akauliza imetengenezwa na nini, nikamjibu: mahindi. Akacheka mpaka akaweka glasi chini. "Sasa shemeji, mtu amevuka bahari kuleta gongo?"

Hakuwa mbali na ukweli. Baboni, ambayo kwenye lebo utaiona imeandikwa Bourbon, ni wiski ya Marekani ambayo angalau asilimia 51 ya nafaka yake ni mahindi. Kinachobaki huwa shayiri iliyooteshwa, pamoja na rai (rye, nafaka inayofanana na ngano) au ngano yenyewe. Nafaka ikishachachuka na kupita mtamboni, kinachotoka ni cheupe kama maji na kinachoma koo. Mpaka hapo shemeji angeweza kushinda kesi, ukiacha usafi na vipimo.

Kinachobadilisha mambo ni pipa. Sheria ya kwao inataka liwe jipya, la mti wa mwaloni (si soko la dagaa la Mwaloni hapa chini), na ndani liwe limechomwa moto hadi ukutani pabaki mkaa. Aliyewahi kunywa maziwa ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto ataelewa mara moja: chombo chenyewe ni kiungo. Chini ya ule mkaa, moto umeigeuza sukari ya mbao kuwa kama sukari guru iliyoungua kidogo, na mbao hiyohiyo hutoa harufu ya vanila, utadhani mtu ametumbukiza maganda ya wakulima wa Kagera. Hakuna aliyetumbukiza kitu. Baboni hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha, kwa hiyo wekundu wote unaouona kwenye glasi umetoka kwenye mbao.

Na hapa ndipo bei inapoanza kueleweka. Pipa likishatumika, haliruhusiwi kurudiwa kwa baboni. Mengi huuzwa Scotland, wakayatumie kulazia wiski yao. Mbao mpya hutoa utamu haraka. Tena Kentucky, jimbo la Marekani inakotoka baboni nyingi, kiangazi ni cha moto na majira ya baridi ni makali. Joto huisukuma pombe ndani ya mbao, baridi huirudisha, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo baboni ya miaka minne hadi sita inaweza kuwa imeshaiva, wakati wiski ya Scotland ya umri huo, iliyolala kwenye pipa kuukuu na ubaridi wa kudumu, mara nyingi bado inatafuta ladha. Miaka michache ghalani maana yake gharama ndogo, pia pombe kidogo inayopotea kwa mvuke. Na ukizidisha miaka sana, unaanza kunywa ubao.

Kwa hiyo mimi siangalii bei kwanza, naangalia maneno. Chupa ikiandikwa "Straight", wiski imelala pipani si chini ya miaka miwili, na kama haijafika minne umri wake lazima utajwe. "Straight" isiyotaja umri, basi, ina minne au zaidi. Maneno ninayoyapenda zaidi ni "Bottled in Bond". Yalitokana na sheria ya mwaka 1897, enzi ambazo wafanyabiashara walikuwa wakichakachua wiski na kuitia rangi. Sheria ilitaka itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, ilale angalau miaka minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na iwekwe chupani ikiwa na kilevi asilimia 50 kamili. Lebo nyeupe ya Evan Williams ni ya aina hiyo, na Old Grand-Dad wana yao. Wala si chupa za matajiri. Wild Turkey 101 haina maneno hayo, lakini ina asilimia 50.5 na haikuangushi.

Kampuni ya Heaven Hill, inayotengeneza Evan Williams, ndiyo inayotengeneza pia Elijah Craig, yenye bei ya juu zaidi. Mchanganyiko wa nafaka ni uleule. Unacholipia ni umri na mapipa yaliyochaguliwa, na tofauti ipo, sikatai, ila si kubwa kama ya pesa.

Jambo moja tu kwa wanunuzi wa huku: chupa ikiwa rahisi kupita duka zima, tazama stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujafurahi. Pombe bandia haina sheria ya 1897.

Tukaanza na nyeusi, asilimia 43. Tamu, nyepesi, lakini barafu ilipoanza kuyeyuka kwa lile joto la saa tisa, ikabaki maji yenye kumbukumbu ya wiski. Nyeupe ikavumilia. Shemeji aliinusa kavu kwanza, akakunja uso, akaongeza vijiko viwili vya maji, akanusa tena. "Karanga," akasema. "Karanga za kukaanga na sukari." Kisha akaisogeza ile chupa upande wake wa meza.