Komponenti Iliyotayarishwa Kwenye Seva: Maana na Utendaji Wake

Mchuuzi yuko ndani ya kivuko cha kwenda Nansio, mtandao unakuja na kupotea. Anafungua ukurasa wa bei za samaki wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Ama anaziona bei papo hapo, ama anabaki akitazama kiduara kinachozunguka. Kinachoamua ni mahali HTML, yaani maandishi yanayojenga ukurasa, ilipotengenezwa: kwenye seva (kompyuta inayotuma ukurasa) au ndani ya kivinjari.

Komponenti ni kipande cha ukurasa chenye tagi (alama ya HTML) ya kubuni, mfano `<bei-samaki>`. Kistari hicho ni lazima. Ukiandika `<beisamaki>`, kivinjari kitakataa kuisajili. Kwa mtindo uliozoeleka, seva hutuma tagi tupu na JavaScript, programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, ndiyo huijaza. Faili la JavaScript lisipofika, hakuna bei.

Ikitayarishwa kwenye seva, tagi hiyo husafiri na jedwali lake ndani: sato, sangara, dagaa, kila mmoja na bei yake. Kivinjari kikikutana na tagi kisichoijua hakigomi, huonyesha tu kilichomo. Kazi ya skripti, yaani hiyo JavaScript, inabaki ndogo, kama kupanga bei kuanzia ya chini. Kitufe cha kupanga kiongezwe na skripti yenyewe. Kikitangulia kuja na HTML, mtu atakibonyeza bure.

Kosa linalosumbua wengi: skripti ya kawaida ikiwekwa juu, kwenye `head`, `connectedCallback` (sehemu ya skripti inayoendeshwa komponenti inapoingia ukurasani) huitwa pale tagi inapofunguliwa, kabla jedwali halijasomwa. Ukilitafuta unapata `null`, yaani hakuna kitu. Weka `defer` au `type="module"` kwenye tagi ya skripti, skripti itasubiri HTML yote isomwe.

Ukitaka mitindo ya CSS (rangi na mwonekano) ya komponenti isichanganyike na ya ukurasa, seva inaweza kutuma pia DOM ya kivuli, yaani sehemu ya komponenti iliyotengwa na ukurasa, kwa `<template shadowrootmode="open">`. Chrome na Safari zinaielewa tangu 2023, Firefox tangu 2024. Lakini skripti ikiiingiza baadaye kwa `innerHTML` haifanyi kazi. Tumia `setHTMLUnsafe`, na kwa HTML unayoiamini tu. Tena, sehemu ya kawaida ya kujazia iliyo ndani ya kivuli haitumwi na fomu iliyo nje. Kwa jedwali la bei, kivuli hakihitajiki kabisa.

Saa nayo iangaliwe. Seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Mwanza kwa saa 3. Bei iliyowekwa saa 12 asubuhi, dagaa wa usiku wanaposhushwa, seva itaiandika saa 9 usiku. Kisha skripti inafika na kubadilisha saa mbele ya macho ya msomaji. Taja `Africa/Dar_es_Salaam` kwenye seva unapoandika saa, halafu zima JavaScript kwenye kivinjari na ufungue ukurasa upya. Bei zote na saa zake zinapaswa kuonekana sawasawa.