Mwanga Kati ya Papi: Namna Shata ya Dirisha Inavyofanya Kazi

Kila jioni katikati ya Nairobi, wenye maduka huteremsha shata za chuma kwa kishindo, na nadhani ndiyo sababu watu wengi wanaoniita majumbani mwao huamini kwamba shata ni kinga ya wezi tu, yenye hali mbili: wazi au kufungwa. Kazi yangu ni kuweka shata kwenye madirisha, na ninachokithamini zaidi ndani yake ni kile kilicho kati ya hali hizo mbili, kwa kuwa hapo ndipo mwanga wa chumba unapotawaliwa.

Shata hukunjwa kama mkeka. Juu ya dirisha huwekwa boksi lenye bomba la chuma linalozunguka. Papi za alumini, yaani vipande virefu vyembamba, ambazo mara nyingi hujazwa povu ili zisipinde upesi, huning'inia kutoka kwenye bomba hilo na kuteleza ndani ya reli mbili za pembeni. Kila upapi umeshikana na mwenzake kwa kulabu inayokwenda urefu wake wote, na kulabu hiyo haikazwi, bali huachiwa nafasi ya milimita chache ya kupanda na kushuka. Katika ulimi wa kulabu hutobolewa matundu membamba. Shata inaponing'inia, uzito wake huzivuta papi ziachane kidogo, matundu yakajitokeza, na chumba kikapata mistari ya nuru pamoja na hewa. Upapi wa chini ukishagusa kizingiti nawe ukaendelea kuteremsha, papi hukaliana kuanzia chini, na matundu hufunikwa safu baada ya safu hadi juu kabisa. Dirisha lenye kimo cha mita 1.2 na papi za milimita 40 lina papi 30, kwa hiyo unaweza kufunika safu za chini zote, ukaacha tano za juu zikiangaza chumba bila jirani kuona meza yako.

Mahali pa kusimamisha shata hutegemea upande ambao dirisha linatazama. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta. Dirisha la kaskazini hupata jua la moja kwa moja katika miezi inayozunguka Juni, na la kusini katika ile inayozunguka Desemba. Nyakati zote mbili jua la adhuhuri huwa juu sana, na ukingo mzuri wa paa hutosha kulizuia. Usumbufu uko mashariki na magharibi, mwaka mzima. Mwezi wa Machi au Septemba, jua la alasiri hushuka takriban nyuzi 15 kila saa. Likiwa nyuzi 45 juu ya upeo wa macho, mwale unaopita chini ya shata iliyosimamishwa sentimita 120 kutoka sakafuni huishia sentimita 120 ndani ya chumba. Likishuka hadi nyuzi 30, mwale huohuo hufika mita 2.1. Ndiyo maana shata iliyokufaa saa tisa huhitaji kuteremshwa tena saa kumi.

Nasisitiza shata iwe nje ya kioo. Mionzi ikishapita kioo na kugonga pazia la ndani, hugeuka joto, na kioo hakiruhusu joto hilo litoke kwa urahisi. Pazia litakupa giza, lakini chumba kitabaki na fukuto. Hapa kwetu, hata hivyo, nyumba nyingi zina madirisha ya vyuma yanayofunguka kwa nje, yenye grili kwa ndani. Shata ikifungwa bapa ukutani, dirisha halitafunguka tena, nami nimewahi kuitwa kuondoa kazi iliyofanywa hivyo. Ni lazima reli zisogezwe mbele kwa fremu ya ziada, jambo ambalo bado huruhusu kufungua kidogo tu, au madirisha yabadilishwe yawe ya kuteleza.

Shata ndogo huendeshwa vizuri kwa ukanda. Nzito hutaka mota, ambayo hukaa ndani ya bomba na hujizima yenyewe ikipata moto kwa kutumiwa mfululizo. Stima ikipotea, mota ya kawaida haisogei. Kwa chumba cha kulala kisicho na njia nyingine ya kutokea, sikubali kufunga mota isiyo na mkono wa kuizungushia kutoka ndani, hata mteja akiomba kupunguziwa bei.