Sifuri ya DHIS2 na koko wa Kadutu

Kila chati ikionyeshwa kwenye mkutano wa zoni ya afya, kuna mtu wa kusema: "Bukavu hatuna demensia, ni wazee kusahau tu. Angalieni DHIS2." Haya, tuangalie mfumo huo wa kompyuta unaokusanya takwimu za vituo vya afya.

Koko, yaani bibi mzee, analetwa kituoni Kadutu, hapa Bukavu, na bintiye. Mwaka wa pili sasa anapotea njia ya soko, sombe anaiacha motoni mpaka inaungua. Muuguzi anaandika "uzee". Mwisho wa mwezi, "uzee" hauna mstari kwenye kaneva, fomu ya ripoti ya kila mwezi, unaangukia "mengine". Na mistari mingi ina safu mbili tu za umri: chini ya miaka 5, na 5 kwenda juu. Koko wa miaka 80 kapu moja na mtoto wa shule!

Tuseme mstari wa demensia umeongezwa. Kituo kinaandika 0, lakini DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka msimamizi awashe chaguo la kuihifadhi kwa kipengele chenyewe, yaani mstari huo. Kwa hiyo aliyetafuta akakosa na asiyetafuta kabisa wanaacha utupu uleule, halafu mchora chati anaujaza sifuri. Hapo ndipo damu inanichemka. Chaguo liwashwe siku mstari unapozaliwa. Sifuri zilizoandikwa kabla hazirudi zenyewe.

Kesi mpya na ya zamani zitenganishwe, la sivyo koko mmoja anayekuja kila mwezi anakuwa wagonjwa kumi na wawili.

Kuchanganyikiwa kulikoanza jana pamoja na homa si F03, msimbo wa demensia: pima malaria kwanza. ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, inataka dalili ziwe zimedumu miezi 6. MMSE, jaribio la kupima akili na kumbukumbu, nayo inamdai mtu aandike sentensi na kunakili maumbo ya pembe tano. Ambaye hakusoma anaweza kufeli hata akiwa na akili kali. Jaribio jingine, CSID, ni afadhali, linamhoji na ndugu yake. Umri msiukadirie 60 au 70 kwa macho. Muulizeni: wakati mamluki wa Schramme walipoiteka Bukavu, 1967, ulikuwa umeolewa?

Hata tukifanya yote haya, tutakuwa tumehesabu waliofika kituoni tu. Kiwango cha ugonjwa kinataka uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, na sensa yetu ya mwisho hapa Kongo ni ya 1984.

Kinachonisumbua zaidi ni rejista yenyewe, wazi mezani. Mwanamke mzee anayeongea peke yake usiku, mtaani tayari wanamwita mchawi. Nawaambia wauguzi waandike F03 bila maelezo, na jina libaki kwenye fishi (kadi ya mgonjwa) iliyofungiwa kabatini. Lakini kila jirani akishajua F03 ni nini, sioni msimbo huo utamficha nani.