Mshahara wa mwalimu haukatwi kwa tangazo la kikao

Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa sababu ya korona, walimu 11 wa skuli moja ya binafsi hapa Pemba waliitwa kikaoni. Mwenye skuli aliwaeleza kwa huzuni, na mimi naamini huzuni yake ilikuwa ya kweli, kwamba wazee wameacha kulipa ada. Kuanzia mwezi ule kila mmoja angepokea nusu mshahara "mpaka hali itengemae". Hakuna aliyesema neno. Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, kila mmoja akatia saini mbele ya jina lake, wakaenda zao.

Skuli zilifunguliwa Juni 29. Wanafunzi walirudi, ada zikarudi, lakini nusu mshahara ikaendelea mpaka mwaka wa pili. Walipouliza, walioneshwa ile karatasi: si mlikubali, saini zenu hizi hapa?

Kazi yangu ni kuwaeleza wafanyakazi sheria za kazi, na kisa hiki nimekisimulia kwenye mafunzo mengi kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ninalotaka walimu waliepuke. La kwanza ni kuamini kwamba mshahara unaweza kubadilishwa kwa tangazo. Mshahara ni sehemu ya mkataba, na mkataba ni wa watu wawili. Mwajiri aliyeelemewa ana haki ya kuomba mabadiliko, ila hana haki ya kuyatangaza peke yake na kuyahesabu yamekubaliwa. Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, ambayo ndiyo inayotawala ajira za binafsi Zanzibar, inalinda mshahara dhidi ya makato yasiyo na msingi na inamtaka mwajiri anayemuachisha mtu kazi awe na sababu ya haki na afuate utaratibu. Saini ya mahudhurio inathibitisha kwamba Maalim alikuwapo kikaoni. Haithibitishi kwamba aliuza nusu ya jasho lake.

Hapa niseme jambo linalowapotosha wengi, hata wasomi. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Mwalimu wa Wete au Makunduchi akifungua simu yake kutafuta haki zake, kinachomjia mbele ni sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2004, ile ambayo kifungu chake cha 38 kinamlazimisha mwajiri kutoa taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza wafanyakazi, na cha 42 kinaweka malipo ya siku 7 za mshahara kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho miaka 10. Nimewaona walimu wakija na vifungu hivyo wamevipiga chapa na kuvipigia mstari. Sheria hiyo haivuki bahari, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Bara haisikilizi mgogoro wa skuli ya Chake Chake. Zanzibar tuna sheria zetu, tuna Kamisheni ya Kazi, tuna chombo chetu cha kushughulikia migogoro na tuna Mahakama ya Kazi. Anayeingia kwenye shauri na sheria ya kwa jirani huanza kwa kushindwa, hata kama haki ni yake.

Mwalimu wa serikali yuko kwenye njia nyengine tena. Yeye ni mtumishi wa umma, analindwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya mwaka 2011, na ni nadra kusikia walimu wa serikali wamepunguzwa kwa makundi. Isiwafanye wakalala. Aprili 2017 kule Bara, uhakiki wa vyeti uliwaondoa watumishi 9,932 kwa siku moja, wakiwemo walimu. Sitetei cheti cha kughushi. Ila miongoni mwa waliotajwa wapo waliokata rufaa, wakaonekana hawana kosa, wakarejeshwa kazini. Waliorejea ni wale waliokuwa na karatasi zao na waliojua pa kuzipeleka.

Kwetu sisi, anayepoteza kazi kimyakimya ni mwalimu wa kujitolea. Kila anayezijua skuli za vijijini anamjua: kijana aliyemaliza diploma, anashika darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, anafundisha hesabu asubuhi na sayansi mchana, na mwisho wa mwezi anapewa posho iliyokusanywa na kamati ya skuli au wazee. Barua ya kazi hana. Akija mwalimu mpya wa ajira, au kamati ikikosa fedha, huambiwa tu mlangoni, "Maalim, tutakuita." Hakuna takwimu inayomuandika kuwa ameachishwa kazi, kwa kuwa hakuna palipoandikwa kuwa aliajiriwa. Chama cha walimu kinachokusanya ada ya uanachama kupitia orodha ya mishahara nacho hakimuoni, maana kwenye orodha hayumo. Linaniuma jambo hili kuliko yote ninayoyaandika hapa, na nasema wazi kwamba chama cha walimu kisichomtafuta kijana huyu kimeacha nje ya mlango mtu anayekihitaji zaidi.

Hapo ndipo linapokuja suala la chama, ambalo bado linazungumzwa kwa kunong'ona kwenye vyumba vya walimu, kana kwamba ni jambo la kuombewa ruhusa. Mwalimu wa skuli ya serikali Zanzibar ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na wa binafsi vilevile. Kifungu cha 20 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinatoa uhuru wa kukutana na kushirikiana na wengine. Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya mwaka 2005 inaeleza namna chama kinavyosajiliwa na kinavyojadiliana na mwajiri. Tanzania imeridhia mikataba miwili mikuu ya Shirika la Kazi Duniani: Na. 98 kuhusu haki ya majadiliano ya pamoja, mwaka 1962, na Na. 87 kuhusu uhuru wa kujiunga, mwaka 2000. Na chama chenyewe kipo, Chama cha Walimu Zanzibar, ZATU. Kumtisha mwalimu kwa sababu amejaza fomu ya uanachama ni kuvunja sheria, awe anayetisha ni mwenye skuli au ofisa.

Kwa nini basi kuna wanaopinga? Hoja zao nazichukulia kwa uzito. Wapo wanaosema chama kinawalinda wavivu. Wapo wanaosema mgomo unamuumiza mtoto wa maskini, kwani mtoto wa tajiri atatafutiwa mwalimu wa nyumbani. Na wapo walimu wenyewe wanaolalamika kwamba wanakatwa ada kila mwezi na hawaoni kinachorudi. Kule Bara makato ya asilimia 2 ya chama cha walimu, CWT, yamezua manung'uniko ya muda mrefu. Hili la mwisho ni la kweli na dawa yake ni kudai hesabu, kuhudhuria mikutano na kupiga kura kwenye uchaguzi wa chama. La wavivu silikubali. Chama hakimzuii mwajiri kumuachisha mwalimu asiyefundisha; kinamtaka amuachishe kwa sababu iliyothibitishwa na baada ya kumsikiliza.

La mgomo linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wengi wanadhani chama maana yake ni mgomo. Mgomo uko mwisho kabisa wa njia, na usipofuata hatua huvunjwa mahakamani. CWT ilitangaza mgomo Julai 30, 2012, ikidai pamoja na mengine nyongeza ya asilimia 100 ya mshahara. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamua kwamba haukuwa halali na walimu wakatakiwa kurudi madarasani. Hata hapa kwetu, usuluhishi hutangulia. Kazi halisi ya chama hufanyika mezani, kwenye majadiliano yanayozaa mkataba wa hali bora: mshahara unalipwa tarehe ngapi, likizo inalipwa au hailipwi, skuli ikielemewa nani anaitwa kabla ya uamuzi, anayepunguzwa analipwa nini.

Marekani, nchi ambayo mjadala huu umekuwa mkali sana, inatupa mifano miwili inayofaa kuwekwa pamoja. Mwaka 2011 jimbo la Wisconsin lilipitisha sheria iliyowabakishia walimu na watumishi wengi wa umma haki ya kujadili mshahara wa msingi tu, tena kwa nyongeza isiyozidi mfumuko wa bei isipokuwa wapiga kura wakubali zaidi. Wakati huohuo wakatakiwa kuchangia zaidi pensheni na bima ya afya, na kwa hiyo kilichofika mkononi kikapungua. Ada ya chama ikaondolewa kwenye makato ya mshahara, na wanachama wakapungua sana. Mwaka 2018 huko West Virginia, ambako walimu hawakuwa na haki ya kisheria ya kugoma, skuli za kaunti zote 55 zilifungwa kwa siku 9 za masomo, na serikali ya jimbo ikatoa nyongeza ya asilimia 5. Siwaambii walimu wa Unguja na Pemba waige West Virginia. Sheria zetu na hali zetu ni tofauti. Ninachokiona ni kwamba pale Wisconsin meza ya majadiliano iliguswa pamoja na kilichofika mkononi. Meza ikishavunjwa, kupunguza kipato huwa rahisi.

Na kwetu mshahara umewahi kupanda vizuri. Kima cha chini serikalini kilitoka shilingi 150,000 hadi 300,000 Aprili 2017, kikafika 347,000 mwaka 2022. Nashukuru kwa hayo. Lakini kima cha chini hakimsaidii mwalimu wa serikali ambaye daraja lake limecheleweshwa, wala wa binafsi asiyelipwa miezi ya likizo, wala anayekatwa mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, na mwajiri asiupeleke. Hayo yanahitaji mtu wa kuyafuatilia moja baada ya moja, na mwalimu mmoja mwenye vipindi 30 kwa wiki hana muda huo.

Nirudi kwa wale 11. Watatu walitufikia, wakiwa na daftari moja tu ambamo mmoja wao alikuwa akiandika kila mwezi tarehe na kiasi alichopokea. Daftari hilo ndilo lililobeba madai yote, kwa sababu skuli haikuwa imetoa hati ya malipo hata moja. Tuliwashauri warudi wakazungumze na wenzao kwanza. Wiki tatu zilipita mpaka saba wakakubali kutia saini barua ya pamoja. Wanne walikataa kwa hofu, na siwalaumu. Mwenye skuli alikubali kukaa nao mbele ya msuluhishi. Mshahara kamili ulirejeshwa kwa wote 11, na deni la nyuma likapangiwa kulipwa kwa miezi 10. Lililipwa miezi 6, likasimama, wakarudi tena kwa msuluhishi.

Mwalimu aliye kwenye hali kama hiyo leo asisubiri muhula uishe, kwani madai ya kazi yana muda wake wa kufunguliwa. Aje na mkataba au barua ya ajira kama anayo. Kama hana, alete ujumbe wa simu wa kuitwa kazini, picha ya ratiba yenye jina lake, taarifa ya benki au ya fedha za simu, na taarifa ya michango yake kutoka ZSSF, ambayo kila mwanachama ana haki ya kuiomba. Na akiletewa karatasi ya kutia saini kikaoni, aisome kichwa chake cha habari kwanza. Ikiwa ni mahudhurio, aandike pembeni kwa mkono wake neno "nimehudhuria" na tarehe, kisha aombe nakala.