Si kila "hill" ni kilima: ufafanuzi kwa wanaowasilisha tafsiri

Malalamiko yanayofika kwenye madawati ya uhakiki wa tafsiri yanafanana. Mwombaji amemlipa mfasiri, kazi imerudishwa, naye haoni kosa liko wapi. Mara nyingi kosa limejificha kwenye neno fupi ambalo kila mtu anaamini analijua. Neno la Kiingereza "hill" ni mojawapo. Likionekana tu, kalamu inaandika "kilima" kabla jicho halijamaliza sentensi.

Mfasiri atazame mambo mawili kabla ya kuandika chochote: je, neno limeanza kwa herufi kubwa katikati ya sentensi? Na je, kuna namba gani karibu yake?

Herufi kubwa kwa kawaida ni jina, na jina halifasiriwi. Rowland Hill, aliyesimamia mageuzi ya posta ya Uingereza yaliyoleta stempu ya kwanza mwaka 1840, hageuki kuwa Rowland Kilima. Hilo hakuna anayelibishia. Lakini mtu huyohuyo anayekubali hivyo anakutana na anwani "14 Hill Road" na kuandika "Barabara ya Kilimani 14", kisha anashangaa barua haifiki na fomu haikubaliki.

Ieleweke jinsi hati inavyohakikiwa kwa kawaida. Kabla ya kusomwa sentensi hata moja, nakala asilia na tafsiri huwekwa bega kwa bega, kisha hulinganishwa majina, anwani, tarehe, namba za hati na mihuri, herufi kwa herufi. Jina moja lisipolingana, uhakiki kwa kawaida husimama hapo. Kurekebisha si kufuta kwa wino mweupe wala kuandika kwa kalamu juu ya mstari, maana hati yenye alama za kufutwa hushukiwa kuwa imechezewa. Mfasiri huchapa upya ukurasa wote, huusaini na kuuwekea tarehe mpya, hugonga muhuri kwenye maungio ya kurasa, kisha huambatanisha nakala asilia na ule ukurasa wenye kosa. Kama maana ya jina ina umuhimu kwa msomaji, iwekwe kwenye tanbihi chini ya ukurasa, ikitajwa wazi kuwa ni maelezo ya mfasiri. Gharama ya kurudia kwa kawaida ni juu ya mfasiri, si mteja. Anayerudia kosa lilelile anaweza kupoteza kibali chake. Na anayebadili jina kwa makusudi hayuko tena kwenye makosa ya tafsiri, yuko kwenye kughushi, na hilo ni jinai.

Katika sayansi pia jina libaki jina. Mlinganyo wa Hill umepewa jina la mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill, aliyeuandika mwaka 1910 kueleza jinsi oksijeni inavyoshikana na hemoglobini, protini ya damu inayoibeba. Tufe la Hill, katika elimu ya anga, ni eneo linalozunguka sayari ambamo mvuto wake unashinda ule wa jua, nalo ni la mwanaastronomia George William Hill. Anayeandika "mlinganyo wa kilima" anamtuma mwanafunzi kutafuta umbo la ardhi ndani ya damu.

Majina ya mahali yana mtego wake. Capitol Hill ya Washington, katika habari nyingi, ni njia ya kulitaja Bunge la Marekani. Andika "Bunge la Marekani" kama ndilo linalozungumziwa, au liache jina kama lilivyo kama ni mtaa. Parliament Hill ya Ottawa ina Bunge la Kanada, lakini Parliament Hill ya London ni kilima cha wazi cha kupumzikia, na hakina bunge. "Kilima cha Bunge" inawachanganya wasomaji wa habari zote mbili. Black Hills za Dakota Kusini nazo ni milima kamili: kilele chao, Black Elk Peak, kina mita 2,207. Andika "safu ya milima ya Black Hills" na msomaji hatapotea.

Sasa swali linaloulizwa kuliko yote: kilima kinaishia mita ngapi ndipo mlima uanze? Hakuna namba hiyo. Tunaomba watu waache kuidai. Futi 1,000, yaani kama mita 305, iliwahi kutumiwa na wapima ramani wa Uingereza ikaachwa miaka ya 1920. Bodi ya majina ya kijiografia ya Marekani nayo ilikuwa na kipimo kama hicho ikakiacha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kinachoharibu ripoti nyingi si neno, ni kuchanganya vipimo viwili. Mwinuko kutoka usawa wa bahari si kimo kutoka ardhi inayozunguka. Kilima kilicho juu ya uwanda wa mita 1,500 kinaweza kuwa na kilele cha mita 1,580 na bado kimeinuka mita 80 tu kutoka miguuni pake. Ni kilima. Taja namba zote mbili na ubishi unakwisha.

Namba ikiwa ni ya asilimia, tuko barabarani, na "steep hill" ni mteremko mkali au mwinuko mkali, kutegemea gari linaelekea wapi. Asilimia 10 maana yake ni mita 10 za kupanda au kushuka kwa kila mita 100 za umbali wa mlalo, yaani usiopanda wala kushuka. Si digrii 10. Ni chini kidogo ya digrii 6. Tumeona miongozo ya madereva yenye kosa hili, na inasikitisha, kwa sababu dereva wa lori lenye mzigo anapanga breki na gia kwa kutegemea namba hiyo.

Namba ikiwa ni ya mbegu au miche, tuko shambani, na hapa ndipo hasara ni kubwa kuliko kwenye hati yoyote. "Hill" ya mkulima ni shimo moja la kupandia, au shina moja la miche iliyosimama pamoja. Maelekezo ya mpunga yanaposema miche 2 hadi 3 kwa "hill", nafasi sentimita 20 kwa 20, yanataka mashina 25 kwa mita moja ya mraba, kwenye ardhi iliyosawazishwa. Ukiandika "tuta", mkulima atainua udongo kwenye jaruba. Maji hayatalala sawa, miche ya juu itakauka na magugu yatapata mahali pa kuota. Vivyo hivyo kwa mahindi: sentimita 75 kwa 60, mbegu 2 kwa kila shimo, ni mimea karibu 44,400 kwa hekta.

Tofauti ipo kwenye viazi mviringo, ambako neno hilo likiwa kitenzi ni kupandishia udongo kwenye mashina. Huko tuta linatakiwa kweli, kwa sababu kiazi kinachopigwa na mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu ya solanini.

Vibandiko vya mbegu vilivyokwisha kuchapwa kwa kosa hili havihitaji kuteketezwa. Kibandikwe kipande kipya juu ya mstari wa nafasi na idadi ya mbegu, chenye tarehe ya marekebisho, na wauzaji wapewe nakala ya sahihisho kabla ya msimu wa kupanda.