Kupepeta, Kuchekecha, Kuchambua, Kuchuja: Kila Kitenzi na Kazi Yake

Katika mafunzo ya uhifadhi wa nafaka tunayoyatoa vijijini, kuna agizo moja linalotutoka kirahisi mno: "Safisheni nafaka kabla ya kusaga." Wakulima wa Kongwa au Chemba, mkoani Dodoma, hulipokea kwa adabu, kisha kila mmoja huenda kufanya analolijua, kwa kuwa kusafisha si kazi moja. Kiswahili kimekwisha kuzigawa kazi hizo, na kitenzi kikichaguliwa vizuri humweleza mtu ashike chombo gani na aondoe nini.

Chukua ungo wa uwele uliokwisha kupurwa. Mama husimama upepo ukimpiga ubavuni, huurusha uwele juu kidogo na kuudaka, na kila unaporuka, makapi hupeperuka na kuangukia pembeni huku punje zikirudi ungoni kwa mchakacho. Huko ndiko kupeta, au kupepeta, na kinachotenganisha hapo ni uzito. Kwa hiyo kijiwe kitarudi ungoni pamoja na punje, na punje yenye ukungu ambayo bado ni nzito itarudi vilevile, hata mpepetaji awe hodari kiasi gani.

Kuchekecha hutenganisha kwa ukubwa: kidogo hupita kwenye matundu, kikubwa hubaki juu. Fundi anayerushia mchanga wa lipu kwenye wavu ulioegemezwa, kazi inayoonekana kila mtaa unaojengwa Dodoma siku hizi, anachekecha sawasawa na mwenye chekeche la nafaka. Kwa unga, wengi husema kuchunga, neno ambalo kwa jamii ya wafugaji kama yetu haliachi kuzua utani, maana mwenye kuchunga unga hana ng'ombe hata mmoja wa kumkimbiza.

Kuchambua ndiko kunakotusumbua zaidi, kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kumsaidia mtu isipokuwa macho na vidole vyake. Karanga au mahindi hutandazwa mahali penye mwanga, na zile zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuota ukungu huondolewa moja moja. Mwaka 2016, sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, iliyotokana na nafaka iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haimalizwi na moto wa kupikia. Kuchambua huipunguza, ingawa hakuwezi kuiondoa yote, kwa kuwa punje inaweza kuwa nayo bila kuonyesha dalili. Kukausha vizuri na kuhifadhi pakavu hubaki kuwa kinga ya kwanza. Hata hivyo, aliyeambiwa "safisha" akaishia kupepeta, hatua hii ameiruka bila kujua.

Kuchuja ni kwa vimiminika: chai, togwa, tui, maji ya bwawani. Kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa huzuia tope na wadudu wanaoonekana, lakini vijidudu vya maradhi hupenya, ndiyo maana tunasema maji yachujwe kisha yachemshwe, wala jambo moja lisichukue nafasi ya jingine. Chumvi iliyoyeyuka, ambayo wakazi wa Dodoma wanaifahamu vyema kwa ladha ya maji ya visima, haizuiliwi na kitambaa wala chujio la jikoni. Kilicho juu ya kimiminika, kama povu la mchuzi, hakichujwi bali huenguliwa kwa upawa.

Vitenzi hivi vimehamia ofisini pia, tukapata mchujo wa wagombea, uchambuzi wa taarifa, na upembuzi yakinifu wa mradi, ambao watu wengi huutamka bila kukumbuka kwamba kupembua ni kazi ya nafaka.

Mabaki nayo yana majina, na majina hayo huamua yaende wapi. Chenga za mahindi zilizo safi hupewa kuku; mashudu ya alizeti iliyokamuliwa ni chakula kizuri cha ng'ombe; machicha ya nazi kwa kawaida hutupwa. Punje zilizochambuliwa kwa sababu ya ukungu hazimo katika kundi lolote kati ya hayo. Hizo zisiende bandani, kwa kuwa sumukuvu huwadhuru kuku, na ng'ombe akiila hupita hadi kwenye maziwa yake.